Vifuniko vya Ndani vya Gari la Zamani la Michezo Vinapokataa Kukaa: Dalili, Sababu na Marekebisho

Kuvua vifuniko vya ndani vya gari la zamani la michezo ni kazi ya siku moja, lakini kuvirudisha vikae kama vilivyotoka kiwandani huweza kumaliza wiki nzima, na malalamiko mengi huanzia hapo. Paneli ya mlango iliyotoka kwa kuvutwa tu hukataa kurudi, kioo kilichokuwa kikipanda kwa wepesi huwa kizito, geji ya mafuta husoma juu kuliko hali halisi, na zulia jipya hulowa baada ya mvua ya kwanza. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ile ya nadra imewekwa mwisho, ili msomaji akague mambo mepesi kabla hajafungua tena alichokwisha kufunga.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja. Kipande kikikataa kukaa, kuna kitu kinachokizuia, na nguvu ya mkono haikiondoi kitu hicho. Huvunja klipu, hupasua hadibodi (ubao mwembamba wa nyuzi za mbao ulio nyuma ya paneli) na kunyoosha vinili, yaani ngozi ya plastiki inayoufunika, isiyoweza kurudi tena. Kwa sababu hiyo, kila kipande cha zamani, hata kilichooza, kitunzwe mpaka kipya kiwe kimefungwa na kuthibitishwa, kwa maana hicho ndicho kipimo pekee kinachoonyesha matundu, mikunjo na urefu wa gari lako wewe.

Kabla ya kugusa chochote

Ondoa kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Katika magari mengi hiyo ni kebo ya hasi, lakini baadhi ya magari ya Uingereza, kama MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967, yalifungwa chanya kwenye bodi. Basi fuata kebo kwa macho badala ya kutegemea alama. MGB za mwanzo zilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizowekwa nyuma ya siti, chini ya zulia, kwa hiyo betri na kebo zake zikaguliwe kabla zulia la nyuma halijabandikwa.

Onyo la pili linahusu vumbi. Mabamba ya zamani ya kuzuia sauti na baadhi ya matandiko ya chini ya zulia huweza kuwa na asbesto. Ukikuta tabaka lenye nyuzinyuzi ambalo hulitambui, usilikwangue likiwa kavu wala usilipige msasa. Simamisha kazi, lifunike, na lipimwe na watu wenye ujuzi wa kushughulikia asbesto.

Dalili: paneli ya mlango haikai, au klipu zinachomoka

Sababu ya kawaida kuliko zote ni klipu zenyewe. Klipu ya chuma iliyotolewa mara mbili au tatu hupoteza mkunjo wake, na klipu mpya za mchanganyiko huweza kuwa na kichwa kinachofaa paneli lakini mguu usiofaa tundu la mlango. Ukaguzi wake ni rahisi: chukua klipu moja isiyofungwa kwenye paneli, isukume kwenye tundu la mlango kwa kidole gumba, kisha ivute. Inapaswa kuingia kwa kukaza na kutoka kwa kupinga. Ikiingia bila upinzani, ifungue kidogo kwa koleo au tafuta ya kipimo sahihi. Ikigoma kabisa, angalia kama rangi mpya imeziba tundu.

Sababu ya pili ni unene wa vinili iliyokunjwa kwenye kingo za nyuma. Katika pembe, ambako mikunjo hukutana, tabaka tatu au nne hulaliana na kuisukuma paneli mbali na bati. Fungua pembe hizo, kata pembetatu ndogo za ziada, kisha bandika upya ili kila mahali pabaki tabaka moja tu. Mapengo mengi ambayo watu huyadhania kuwa kosa la mtengenezaji wa paneli huondoka kwa hatua hii peke yake.

Sababu ya tatu ni matundu yasiyolingana. Mifano ya miaka tofauti ya gari lile lile mara nyingi ilikuwa na mpangilio tofauti wa klipu na vitasa, na paneli mpya huchongwa kwa mwaka mmoja tu. Weka paneli ya zamani juu ya mpya, mgongo kwa mgongo, uone tofauti. Ikiwa ya zamani haipo, paka chaki kwenye kingo za matundu ya mlango, bana karatasi nene juu yake, na alama zitakazobaki ndizo ramani yako. Tundu jipya litobolewe kwenye paneli, kamwe si kwenye mlango, kwa kuwa tundu jipya katika bati ni mlango wa kutu.

Skrubu za kufungia mfuko au egemeo la mkono zinastahili uangalifu wa pekee. Skrubu iliyozidi urefu kidogo tu hukwaruza kioo kinaposhuka, au hukipasua. Kabla ya kufunga kila skrubu, shusha kioo mpaka chini, pima nafasi iliyopo kati ya bati na kioo, na uchague skrubu fupi kuliko nafasi hiyo. Mwishowe, ikiwa paneli nzuri inakaa upande mmoja na kuinuka upande mwingine, weka rula ndefu juu ya bati la mlango lililo wazi. Mlango uliowahi kugongwa na kunyooshwa vibaya hauwezi kurekebishwa kwa klipu, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Dalili: mkono wa kupandishia kioo umekuwa mzito

Toa mkono huo, vua paneli, rudisha mkono peke yake na uzungushe. Jaribio hili hugawa tatizo mara mbili. Kioo kikipanda kwa wepesi bila paneli, kosa liko kwenye paneli: ama sponji mpya ni nene mno na inabanwa na mkono, ama kikombe au washa (pete bapa) iliyokuwa kati ya mkono na vinili imesahaulika. Baadhi ya magari yana springi nyuma ya paneli, inayoisukuma nje mpaka iguse kikombe hicho. Springi ikikosekana, pengo huonekana, na mtu hulificha kwa kuusukuma mkono ndani zaidi kuliko inavyopasa.

Kioo kikibaki kizito hata bila paneli, safisha reli zake, paka grisi nyepesi sehemu za chuma zinazosuguana, na ukague felti ya kwenye reli, kwani felti mpya huwa nene na huhitaji muda kuzoeana na kioo. Mitambo mingi ya kupandishia kioo ina springi ya kusawazisha uzito iliyojikunja kwa nguvu. Usifungue mtambo huo kioo kikiwa kinaning'inia, na usiondoe springi yake bila kifaa cha kuishikilia. Imewahi kuvunja vidole vya watu. Hapo mkabidhi kazi hiyo mtu aliyewahi kuifanya.

Dalili: paneli inavimba chini, na zulia linalowa

Hili ndilo kosa linalonisikitisha zaidi, kwa sababu huharibu kazi nzuri katika msimu mmoja wa mvua, na chanzo chake kwa kawaida ni kipande cha plastiki kilichotupwa. Mlango wa gari haukuundwa uzuie maji yasiingie ndani yake. Maji hupita kando ya kioo, huteremka ndani ya mlango na kutoka kupitia matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Kinacholinda paneli ni karatasi ya plastiki au karatasi yenye lami iliyobandikwa kwenye bati la ndani, na ukingo wake wa chini huingizwa ndani ya mlango ili maji yanayotiririka juu yake yarudi ndani na si nje kuelekea kwenye hadibodi.

Basi angalia mambo haya kwa mpangilio. Je, karatasi hiyo ipo? Ikiwa ipo, je, ukingo wake wa chini umeingizwa ndani ya mlango, au umebandikwa juu ya bati kwa nje, mahali ambapo kila tone litaishia nyuma ya paneli? Halafu, je, matundu ya chini ya mlango yapo wazi? Nta ya kuzuia kutu na rangi mpya huyaziba mara nyingi. Mwisho, je, mpira unaopangusa kioo pale kinapoingia mlangoni umechakaa? Mimina kikombe cha maji juu ya kioo paneli ikiwa imevuliwa, utazame maji yanakopita. Dakika mbili za kutazama zinatosha kuonyesha kosa.

Kwa karatasi mpya, tumia plastiki nene na gundi laini isiyokauka, ili iweze kufunguliwa siku nyingine bila kuchanika. Hadibodi mpya ipakwe vanishi upande wa nyuma na kwenye kingo zote, pamoja na ndani ya matundu ya klipu, kwa sababu hadibodi hunywa maji kupitia kingo zake zilizokatwa.

Ikiwa milango ni mikavu na zulia bado linalowa, chunguza plagi za mpira za sakafuni, mpira wa kioo cha mbele, na mabomba ya maji ya moto yanayoelekea kwenye hita. Maji ya rangi, yenye utelezi na harufu tamu, ni ya rejeta; yanatoka kwenye hita na si kwenye mvua. Zulia lililolowa litolewe nje likaushwe, kwa maana likiachwa juu ya sakafu ya chuma, sakafu hutoboka kutoka upande usioonekana. Ukibonyeza sakafu kwa bisibisi na bati likabonyea au kutoboka, weka zulia kando na umwite mchomeleaji wa magari. Katika magari mengi ya michezo ya wazi, sakafu na vizingiti vya milango ndivyo vinavyobeba nguvu ya bodi nzima.

Dalili: vinili inakunjamana, dari inaning'inia, gundi inaachia

Watu wengi huilaumu gundi, na mara chache huwa na haki, ila kosa la kawaida zaidi ni sehemu iliyobandikwa. Sponji ya zamani ikishakuwa unga, gundi mpya hushika unga huo tu, nao huachia. Kwangua mabaki yote mpaka ufikie bati au ubao mtupu, futa vumbi, ondoa mafuta, kisha uache pakauke.

Sababu inayofuata ni haraka. Gundi ya kugusanisha hupakwa pande zote mbili na huachwa mpaka isishike kidole, kwa kawaida kati ya dakika 10 na 20 kulingana na hali ya hewa na maelezo ya kopo. Pande zikikutanishwa mapema, kiyeyusho hunaswa ndani na baadaye huinua malengelenge. Tatu ni aina ya gundi: ndani ya gari lililofungwa juani, sehemu ya juu ya dashibodi inaweza kupita nyuzi joto 70, na bati la dari nalo huwaka, ilhali gundi ya kawaida ya viatu au samani hulainika katika joto hilo. Chagua gundi iliyoandikwa kwamba inastahimili joto kali. Fanya kazi milango ikiwa wazi, betri ikiwa imeondolewa na pasipo moto wowote karibu, kwani mvuke wake hulipuka na hulevya.

Mikunjo ya vinili ambayo haijaachia hutibika kwa joto. Acha kipande juani kwa saa moja kabla ya kukivaa, au kipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, ukivuta kutoka katikati kuelekea pembeni, kidogo upande huu na kidogo upande ule wa pili. Kupasha kwa mashine ya kubabua rangi sikushauri. Sekunde chache za ziada hung'arisha na kuyeyusha nakshi ya vinili, na alama hiyo haifutiki.

Dari inayoning'inizwa kwa fito za waya ina mtego wake. Fito hizo hutofautiana urefu na mpindo, ingawa kwa macho hufanana, na fito mbili zikibadilishana nafasi, dari hulegea mahali pamoja na kukaza kupita kiasi mahali pengine. Zitie namba kwa utepe wa karatasi wakati wa kuzitoa. Ikiwa hukufanya hivyo, zilaze sakafuni ulinganishe mipindo yake na paa kabla ya kubandika chochote. Anza kukaza kutoka mbele kwenda nyuma katika mstari wa katikati, na pembeni iwe mwisho. Pale ambapo ukingo wa dari huingia chini ya mpira wa kioo cha mbele au cha nyuma, simama na umwite fundi wa vioo. Kioo cha gari la zamani kilichopasuka wakati wa kukitoa huenda kisipatikane kingine kwa miezi mingi.

Dalili: geji zinasoma vibaya, taa hazifanyi kazi, au fyuzi inakatika

Dashibodi iliyovikwa vinili mpya na kurudishwa mara nyingi huwa imepoteza ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Katika magari ya zamani, geji na taa zake nyingi hupata ethi kupitia vishikio vyake vya chuma. Rangi mpya, vinili iliyopita chini ya kishikio, au waya mweusi uliosahaulika hutosha kuzima kila kitu. Unganisha waya wa muda kutoka kwenye mwili wa geji hadi kwenye chuma kisafi cha bodi. Geji ikifufuka, umepata jibu.

Dalili moja huwachanganya wengi: geji ya mafuta na ya joto zote zinasoma juu kwa pamoja. Magari mengi ya Uingereza yenye geji za kampuni ya Smiths yana kidhibiti kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme mpaka wastani wa volti 10, kwa kufungua na kufunga mguso unaopashwa joto na waya mwembamba uliomo ndani yake. Waya huo unahitaji ethi kupitia kishikio cha kidhibiti. Ethi ikikosekana, mguso haufunguki, na geji hupata volti zote za betri. Kwangua rangi chini ya kishikio na ufunge skrubu yake vizuri kabla hujanunua geji mpya.

Fyuzi inayokatika mara tu baada ya kazi ya ndani ina maana kwamba skrubu au klipu imetoboa waya hadi ithibitike vinginevyo. Toa skrubu ulizofunga mwisho moja baada ya nyingine, hasa za kwenye vizingiti, nundu ya giaboksi na pembe za dashibodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili kupima. Hapa kuna jambo ambalo limeunguza nyaya za magari mengi: fyuzi za kioo za kampuni ya Lucas zilizoandikwa ampea 35 zimetajwa kwa kiwango cha kukatika, na mzigo wake wa kudumu ni ampea 17. Fyuzi nyingi za kisasa huandikwa mzigo wa kudumu, kwa hiyo fyuzi ya kisasa ya 35 huruhusu takriban mara mbili ya mkondo uliokusudiwa, na waya huungua kwanza.

Ukinusa plastiki inayoungua au ukiona waya ulioyeyuka, ondoa betri na umwite fundi umeme wa magari. Gari lenye mifuko ya hewa, kama baadhi ya magari ya michezo ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye, lisiguswe usukani wala dashibodi yake bila mtu aliyefunzwa mfumo huo.

Dalili: milio na kugongagonga njiani

Endesha ukiwa na mwenzako anayebonyeza vipande kimoja kimoja kwa kiganja mpaka mlio ukome. Mlio mwembamba hutokana na vinili kusuguana na vinili au chuma na chuma, nao huondolewa kwa utepe wa felti. Mlio mzito wa kugonga ndani ya mlango kwa kawaida ni kioo kisicho na felti, au fimbo ya kitasa iliyorudishwa bila kibanio chake cha plastiki. Mlio unaobadilika na mwendo wa injini, hata gari likiwa limesimama, hautoki kwenye vifuniko. Tafuta kwenye bomba la moshi na vishikio vya injini.

Dalili: pedali inagusa zulia

Zulia jipya na tandiko lake huwa nene kuliko la kiwandani. Kanyaga kila pedali mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, kisha iachie. Pedali ya mafuta irudi yenyewe kwa haraka, na zulia lisiifuate. Ikigusa hata kidogo, kata tandiko lililo chini ya pedali au ondoa tabaka moja, na ubane zulia kwa vishikizo vyake ili lisisogee mbele. Gari lisiende barabarani kabla ya hapo, hata kwa safari fupi ya majaribio.

Dalili: siti inayumba, haitelezi, au mkanda hauketi vizuri

Siti inayoyumba mara nyingi imekaa juu ya zulia badala ya vipande vyake vya kuinulia. Baadhi ya magari, MGB ikiwemo, huwa na vipande vya mbao na washa nene chini ya reli. Vikitupwa pamoja na zulia la zamani, reli hupinda bolti zinapokazwa na siti hukwama. Legeza bolti zote, rudisha vipande hivyo, telezesha siti mbele na nyuma mara kadhaa ili reli zijipange sambamba, kisha kaza kidogo kidogo kwa zamu.

Bolti za mikanda hazina nafasi ya kubahatisha. Katika magari mengi zina kipenyo cha inchi 7/16 na nyuzi 20 kwa kila inchi, hata pale ambapo bolti nyingine zote za gari ni za milimita, na bolti ya milimita 12 ikilazimishwa humo huharibu nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya bodi. Bolti iingie kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya spana. Zulia lililokatwa tundu dogo hukamatwa na nyuzi na kujizungusha kwenye bolti, kwa hiyo tundu lake liwe pana kuliko washa, na washa igandamize chuma, si nyuzi za zulia. Nati ikizunguka pamoja na bolti, au bati linaloizunguka likiwa na kutu, siti hiyo isikaliwe mpaka mchomeleaji wa magari aifungue sehemu hiyo, aijenge upya na kuikagua.